Studio Ilianzia Kwenye Msingi

Kwa miaka sita nilirekodi nyimbo zangu katika chumba nilicholala. Kila nilipotaka kuimba ilinibidi nizime feni, nifunge dirisha, niwaombe waliokuwa sebuleni wanyamaze kidogo, kisha nisubiri pikipiki ya mwisho ipite. Nilichokipata baada ya hayo yote kilikuwa ni sauti yenye mngurumo wa friji chini yake na mwangwi mfupi wa kuta juu yake, na sikuipata programu iliyoweza kuviondoa viwili hivyo bila kuondoka na uhai wa sauti yenyewe. Ndiyo maana tulipokubaliana nyumbani kuongeza chumba upande wa nyuma, niliomba kiwe chumba cha muziki tangu siku ya kwanza, kabla jembe halijagusa ardhi.

Jambo ambalo ningependa kila anayefikiria ujenzi wa namna hii alishike mapema ni kwamba kuna kazi mbili tofauti, na mojawapo haitoi nafasi ya pili. Kazi ya kwanza ni kuzuia sauti isipite, yaani ngoma zisiwaamshe waliolala na mvua isiingie kwenye rekodi. Hiyo hufanywa kwa uzito wa kuta, kwa kuzitenganisha na kwa kuziba matundu, na karibu yote hubaki yamefichwa nyuma ya plasta na bodi. Kazi ya pili ni kutuliza sauti ndani ya chumba chenyewe, ili unachokisikia kutoka kwenye spika kiwe ndicho kilichomo kwenye rekodi. Hiyo hufanywa kwa vitu laini na vinene vinavyotundikwa baada ya ujenzi kwisha, navyo waweza kuvihamisha kesho ukiona vimekaa vibaya. Sponji na trei za mayai, ambazo nimeziona zimebandikwa kwenye kuta nyingi kwa matumaini makubwa, haziiwezi kabisa kazi ya kwanza, kwa sababu ni nyepesi na hewa hupenya ndani yake. Kazi ya pili nayo huifanya nusunusu, kama nitakavyoeleza mbele.

Ramani ya kwanza tuliyochorewa ilikuwa na chumba cha mraba, mita 4 kwa 4, kwa kuwa umbo hilo lilikaa vizuri mgongoni mwa nyumba. Niliikataa, na sababu yake ni ya kifizikia. Sauti husafiri hewani kwa kasi ya takriban mita 343 kwa sekunde katika joto la nyuzi 20, na wimbi ambalo nusu ya urefu wake inalingana na umbali baina ya kuta mbili hunaswa kati ya kuta hizo, likawa linaenda na kurudi na kujiongezea nguvu. Kwa mita 4 wimbi hilo ni la hezi 43 hivi, yaani mitetemo 43 kwa sekunde. Chumba kikiwa mraba, jozi zote mbili za kuta hunasa noti ileile, nayo ikavimba mahali pamoja na kutoweka mahali pengine, hata mpigaji wa gitaa la besi akaonekana hajui kazi yake wakati kosa ni la chumba. Tulikubaliana vipimo vya ndani viwe kimo cha mita 2.7, upana wa mita 3.8 na urefu wa mita 5.1, uwiano unaokaribia 1 kwa 1.4 kwa 1.9, ambao mtafiti wa sauti Louden aliupendekeza mwaka 1971. Mivumo ya kwanza ya chumba, yaani noti zinazonaswa hivyo baina ya kuta, na baina ya sakafu na dari, ikawa hezi 34, 45 na 64, kila mmoja mahali pake. Uwiano huo hauondoi mivumo, kwani hakuna chumba kidogo kisicho nayo. Unaitawanya tu ili isirundikane.

Hapo paliniponyoka kidogo. Vipimo nilivyotaja ni vya ndani kabisa, baada ya kusimama kuta za pili za ndani, ambazo nitazieleza mbele, na kila ukuta wa pili pamoja na nafasi yake ulikula sentimita 17 na nusu. Pande mbili zikijumlishwa ni sentimita 35. Kwa bahati nzuri niliifanya hesabu hiyo usiku wa kuamkia siku ya kuchimba, tukasogeza kamba asubuhi. Lau ningelikumbuka wiki moja baadaye, ningelazimika kuchagua kati ya chumba chembamba na ukuta dhaifu.

Nyongeza ya nyumba ina ugumu ambao jengo linalosimama peke yake halina: imegusana na mahali ambapo watu wanalala. Sauti haipiti hewani tu. Besi hasa husafiri ndani ya vitu vigumu, ikaingia kwenye tofali, ikafuata mkanda wa zege, ikapanda kwenye mbao za paa na kutokea chumba cha tatu kana kwamba kuna mtu anayevuma ndani ya ukuta. Fundi mwashi alitaka kufunga ukuta mpya kwenye ule wa zamani kwa nondo, jambo ambalo ni sahihi kwa nyumba ya kawaida, na aliposikia kwamba nataka ukuta wa nne unaojitegemea, sentimita 5 kutoka ukuta wa nyumba, alinitazama kwa huruma.

“Kaka, kuta mbili zinazotazamana, moja si inatosha?”

Nilimwomba aweke sikio kwenye ukuta wa sebule. Mimi nikaenda mwisho wa nyumba, chumba cha mwisho kabisa, nikagonga ukuta kwa mpini wa nyundo, taratibu, kama mtu anayebisha hodi. Niliporudi alikuwa bado ameinama, kiganja kimegusa plasta. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza ile nafasi iwe na upana gani na ijazwe kitu gani. Tangu siku hiyo alikuwa mlinzi mkali wa mradi kuliko mimi. Kibarua aliyedondosha zege ndani ya nafasi ile aliambiwa alitoe lote kwa mkono kabla halijakauka, kwa sababu donge moja lililogusa kuta zote mbili lingetosha kuwa daraja la sauti. Mhandisi alihakikisha kwamba chumba kinasimama kwa nguvu zake chenyewe, juu ya msingi wake na jamvi lake la zege, na nafasi baina ya majengo mawili ilijazwa pamba ya mawe, yaani nyuzi laini zinazotengenezwa kwa mawe yaliyoyeyushwa, na kufunikwa kwa nje kwa kifuniko kinachonyumbuka ili maji yasiingie. Ningesisitiza sana suala la mhandisi: kutenganisha ukuta kwa ajili ya sauti hakumpi mtu ruhusa ya kujenga ukuta usio imara.

Kwa nini kuta mbili badala ya moja nene? Kwa sababu uzito peke yake hulipa kidogo kuliko mtu anavyodhani. Ukuta wa tofali za zege zisizo na mashimo, wenye unene wa sentimita 15, una uzito wa karibu kilo 300 kwa kila mita ya mraba, na ukiuongeza unene mara mbili, kanuni ya uzito inakupa nyongeza ya desibeli 6 hivi, kwa kipimo cha nguvu ya sauti, basi. Umelipia tofali maradufu, umepoteza nafasi, na aliyelala upande wa pili bado anasikia ngoma. Lakini kuta mbili zisizogusana, zenye hewa kati yake na pamba ndani ya hewa hiyo, hufanya kazi kama chemchemi laini baina ya uzito na uzito: ukuta wa ndani hutikisika, hewa hubonyea, na wa nje hupokea sehemu ndogo tu ya mtikisiko. Kwa hiyo ndani ya tofali tulisimamisha fremu ya mbao, sentimita 5 kutoka ukutani bila kuugusa popote, tukajaza pamba ya mawe bila kuikandamiza, kisha tukapiga tabaka mbili za bodi za jipsamu za milimita 12.5, maungio ya tabaka la pili yakiwa mbali na ya tabaka la kwanza. Tofali zenyewe zilipigwa plasta kwanza pande zote mbili, kwa kuwa tofali tupu lina vinyweleo vinavyopitisha sauti.

Dari la ndani linakaa juu ya kuta za ndani, kwa boriti zake lenyewe, wala halikuning'inizwa kwenye paa. Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha tukiwa tumefunga bodi, nikaingia nikafunga mlango wa muda, nikaisikia kwa mbali kama mtu anayekunja karatasi nyumba ya pili. Sakafu niliiacha iwe zege lililolala juu ya udongo, kisha mbao juu yake. Jamvi lililotengana na la nyumba halihitaji kuelea juu ya vipande vya mpira.

Sikujenga vyumba viwili, cha mitambo na cha kuimbia, ingawa ndugu na marafiki waliutarajia ule mpangilio wa kioo kikubwa katikati. Nafasi ile ikigawanywa, kila kipande kinakuwa kidogo mno kwa besi. Rudy Van Gelder, mrekodi mashuhuri wa jazi wa Marekani ambaye mchana kazi yake ilikuwa kupima macho, alirekodi Thelonious Monk na Miles Davis katika sebule ya wazazi wake huko Hackensack, New Jersey, chumba cha mitambo kikiwa pembeni yake, na hakuhamia studio yake mpya ya Englewood Cliffs hadi mwaka 1959. Yeye alikuwa na sebule nzima ya kuwapa wanamuziki. Mwenye chumba kimoja cha mita 5 afadhali akiache kizima, asikilize kwa vifaa vya masikioni wakati wa kurekodi, na avute subira.

Mlango ndio uliotaka umakini kuliko kitu kingine chochote. Chukua ukuta wetu mfupi, wa takriban mita 10 za mraba, uwe unapunguza sauti kwa desibeli 60. Acha upenyo wa sentimita 1 chini ya mlango wenye upana wa sentimita 80. Kwa hesabu ya kawaida, ukuta wote sasa unapunguza desibeli 31 tu, kwa sababu ya mstari ule mmoja ambao wengi huuziba kwa taulo. Tuliweka milango miwili mizito ya mbao isiyo na uwazi ndani, mmoja kwenye kila ukuta, yenye mipira ya kuziba pande zote na kizingiti kilichoinuka. Kisha usiku nikazima taa, nikajifungia ndani, na mke wangu akapitisha tochi polepole kwa nje, huku mlango wa nje ukiwa wazi. Kwenye bawaba ya chini ulitokea uzi wa mwanga, mwembamba kama unywele, wenye urefu wa kidole. Seremala alirudi mara mbili kuumaliza. Dirisha ni dogo, vioo viwili katika fremu mbili zisizogusana, kimoja cha milimita 6 na kingine cha milimita 10, kwa kuwa vioo vya unene mmoja hutetemeka kwa noti zilezile na hapo hupitishiana sauti.

Chumba kilichozibwa namna hiyo hakipumui, na hili si la kuchezea: watu watatu wakiimba humo kwa saa moja hewa inakuwa nzito na vichwa vinauma. Tulijenga makasha mawili ya mbao, moja la kuingiza hewa na moja la kutoa, yenye njia inayopinda mara nne na kuta za ndani zilizofunikwa pamba iliyovikwa kitambaa. Sauti hugonga kila kona na kupungua, hewa hupita. Siri yake ni upana. Njia ikiwa pana, hewa hutembea taratibu, na hewa inayotembea taratibu haipigi mluzi kwenye kipaza sauti.

Pamoja na yote hayo, jaribio la kwanza lilinivunja moyo. Niliwasha spika ndani kwa nguvu, nikaenda chumba cha watoto, nikasikia wimbo. Haukuwa mvumo wa besi niliouogopa. Nilisikia maneno, herufi za “s” hasa, kana kwamba mtu ananong'ona nyuma ya kabati. Sauti za juu zinapopita hivyo, ukuta hauna kosa, kuna tundu. Nilichukua bomba la plastiki la kumwagilia maua, nikakata kipande cha mita moja, nikaweka ncha moja sikioni na nyingine nikaitembeza ukutani sentimita kwa sentimita, kwenye pembe, kwenye ubao wa chini, kwenye swichi. Karibu na soketi nyuma ya kabati bomba likazungumza. Tulipofungua soketi tulikuta kwamba bomba la nyaya linaloleta umeme studio lilikuwa tupu kuanzia upande huu hadi ule, na tundu alilotoboa fundi umeme lilikuwa pana kuliko bomba lenyewe. Wala simlaumu, hakuna aliyemweleza, na mimi ndiye niliyekuwa na wajibu huo. Tulijaza pembezoni mwa bomba kwa gundi ya kuzibia ambayo haikauki ikawa ngumu, tukaziba na ndani ya bomba pande zote mbili, na maneno yakakoma usiku uleule. Tangu hapo nimewaambia wote wanaonitembelea kuomba ushauri: simama karibu na fundi umeme siku anapotoboa.

Umeme wenyewe unataka mambo machache. Studio ina laini yake kutoka kwenye bodi kuu, na vifaa vyote vya sauti vinachukua umeme na ethi, yaani waya wa usalama unaokwenda ardhini, kutoka sehemu moja, maana vikipata ethi kwa njia mbili tofauti ndipo ule mlio wa chini usiokwisha huzaliwa. Kukata pini ya ethi ili kuuondoa ni kuhatarisha maisha ya anayeshika gitaa na kipaza sauti kwa wakati mmoja. Nyaya za umeme na za sauti zinapokutana, zivuke kwa msalaba, zisilale sambamba.

Siku chumba kilipobaki kitupu, bodi zimepakwa rangi, nilipiga kofi moja katikati. Kofi lilijibu kwa mfululizo wa haraka, trrrr, kama kucha zinazopita kwenye meno ya kitana. Hiyo ni sauti inayorushwa huku na huku na kuta mbili tupu zinazotazamana. Hapo ndipo kazi ya pili ilipoanza. Msingi wa hesabu zake uliwekwa na Wallace Sabine, mwalimu kijana wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, ambaye mwaka 1895 alitwishwa tatizo la ukumbi wa mihadhara ambamo neno moja lilidumu hewani zaidi ya sekunde tano. Alibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akaipanga usiku, akapima kwa bomba la kinanda na saa, hadi akajua kwamba muda wa mwangwi unategemea ujazo wa chumba na jumla ya eneo linalofyonza sauti. Kwa chumba changu cha mita za ujazo 52, kupata muda wa sekunde 0.3 kunahitaji ufyonzaji sawa na mita za mraba 28 hivi za kitu kinachofyonza sauti yote inayokigonga. Katika chumba kidogo hesabu hiyo ni ya kukadiria tu, kwa sababu chini kabisa mivumo ya chumba ndiyo inayotawala, lakini iliniokoa nisinunue vitu kwa kubahatisha.

Sasa nirudi kwenye sponji. Kitu laini hufyonza sauti pale ambapo hewa inakwenda kasi, na kasi ya hewa ni kubwa robo ya wimbi kutoka ukutani, si ukutani penyewe. Kwa hezi 100, robo hiyo ni sentimita 86. Sponji ya sentimita 3 iliyobandikwa ukutani haigusi chochote huko chini. Inakula sauti za juu pekee, na ukiijaza chumba kizima unabaki na chumba kilichofifia juu na kinachovuma chini, kibaya kuliko kilivyokuwa kitupu. Nilitengeneza fremu za mbao zenye pamba ya mawe ya sentimita 10, nikazivika kitambaa kinachopitisha pumzi ya mdomo, nikazitundika zikiwa zimeacha sentimita 10 za hewa nyuma yake. Kwenye pembe nne za chumba nilisimamisha nguzo za pamba zenye unene wa sentimita 30 na zaidi, kutoka sakafuni hadi darini, kwa kuwa besi hukusanyika pembeni. Nguzo hizo zilinila nafasi, lakini ndizo zilizobadilisha chumba kuliko chochote nilichotundika.

Meza ya kusikilizia ilipata mahali pake kwa kupima. Nilianza mita 1.94 kutoka ukuta wa mbele, asilimia 38 ya urefu, ambapo mivumo mikubwa huwa haijazidi wala kutoweka, nikasogea kidogo mbele na nyuma huku nikipiga noti za chini moja moja. Spika mbili na kichwa changu ni pembe tatu zilizo sawa. Kisha nilikaa, na binti yangu akatembeza kioo kidogo kwenye ukuta wa kushoto, kimo cha masikio yangu. Kila niliposema “hapo” nilikuwa nimeiona spika ndani ya kioo, na kila “hapo” ilipata fremu. Tulifanya hivyo kulia na darini pia, darini yeye akiwa juu ya ngazi na mimi nikisahau mara kwa mara kukaa wima.

Vifaa sina mengi ya kusema: kadi moja ya sauti, vipaza sauti viwili, spika mbili, kompyuta ndani ya kabati lenye pumzi yake. Ndivyo vilevile nilivyokuwa navyo chumbani. Usiku wa kwanza nilirekodi ukimya wa dakika mbili, nikausikiliza kwa sauti ya juu kabisa, nikasikia mlio hafifu wa vifaa vyenyewe, na baadaye kidogo nikasikia pumzi zangu.

Limebaki tatizo moja ninalolijua. Spika ya gitaa la besi ikiwa sakafuni, noti iliyo karibu na hezi 64 hufifia nikiwa nimekaa, na nikiinama hadi sakafuni hujaa tena, kwa sababu masikio yangu yakiwa kitini yako karibu na nusu ya kimo cha chumba, mahali ambapo wimbi la sakafu na dari hufutika. Fremu ya sentimita 10 iliyo darini ni nyembamba kwa noti hiyo. Nimeshakata mbao za fremu ya sentimita 20, zimeegemea ukutani nyuma yangu ninapoandika, na Jumamosi nitapanda ngazi kuzifunga.